Kuaguliana Ndoto Kati ya Marafiki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Sisi ni marafiki wa Tanga mjini, Waislamu na Wakristo, wake kwa waume, tuliozoea kukutana kusimuliana ndoto na kuzungumza habari za usingizi. Hatuna mganga kati yetu, wala sheikh, wala mchungaji. Yumo muuguzi, wamo walimu, mafundi na wafanyabiashara wa sokoni. Wanaosikia habari zetu huuliza mambo yaleyale, mengine kwa hamu na mengine kwa wasiwasi, na yote yanastahili jibu. Haya ni majibu ya mmoja wetu, yakasomwa na wenzake na kusahihishwa palipohitaji.

Mkikutana mnafanya nini hasa?

Mtu mmoja anasimulia ndoto yake, ya karibuni, na wengine wanasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha tunamwuliza ili tuione ndoto yenyewe vizuri. Palikuwa mchana au usiku? Nyumba ile unaijua? Wewe mwenyewe ulikuwa mtu mzima au mtoto? Uliamka na hofu, huzuni, au raha? Baada ya hapo kila anayependa anasema ndoto ile ingekuwa na maana gani kama angeiota yeye. Hatusemi "ndoto yako maana yake hii." Tunasema, "Ningeiota mimi, hiyo ghorofa isiyo na ngazi ingekuwa mkopo wangu wa Saccos." Mwenye ndoto anasikiliza tu. Mwishoni anachukua lililomgusa na kuliacha lisilomgusa, na halazimiki kutueleza ni lipi. Anaweza pia kusimamisha mazungumzo wakati wowote.

Utaratibu huu hatukuubuni sisi. Uliwekwa na Montague Ullman, daktari wa akili wa Marekani, ambaye kuanzia miaka ya 1970 aliwafundisha watu wa kawaida kusaidiana kuzielewa ndoto zao bila kutegemea mtaalamu. Tumeupenda kwa sababu unamwacha mwenye ndoto awe mwenye ndoto. Ukimwambia mtu maana ya ndoto yake umemnyang'anya kitu. Ukimwambia ingekuwa nini kwako, umemwongezea.

Mna mfano?

Mwenzetu mmoja anayeuza samaki ameniruhusu niisimulie yake. Aliota yuko kwenye pantoni ya Pangani anavuka kwenda Bweni, amejitwika beseni la samaki. Pantoni ikafika ng'ambo, mlango ukateremshwa, watu na pikipiki wakashuka, yeye miguu ikagoma. Bibi yake aliyefariki alikuwa ng'ambo ile, ameketi kwenye mbuzi anakuna nazi, wala hakuinua uso. Mwenzetu akaamka analia.

Wa kwanza kusema alikuwa na haraka: bibi anakuita, msomee hitima. Tukamwomba angoje kidogo. Fundi mmoja akauliza, "Dada, na hilo beseni lilikuwa zito?" Yule dada akanyamaza, kisha akasema, "Jepesi. Samaki nawaona wamejaa lakini kichwani sisikii uzito wowote. Na hilo ndilo lililonitisha, si bibi."

Hakuna aliyekuwa ameliwazia beseni. Mama mmoja mtu mzima akasema, "Ningeiota mimi, mwanangu, ningekuwa naona haya kufika kwa watu wangu mikono mitupu." Dada akajifuta uso kwa pembe ya kanga. Tangu mazishi hakuwa amekanyaga Bweni. Biashara ilikuwa imeyumba, arobaini ikapita bila yeye kutoa mchango, na kila alipofikiria kwenda alijiambia ngoja kwanza nipate. Alikwenda siku chache baadaye na mfuko wa sukari. Kama tungeishia kwenye hitima tusingekuwa tumemkosea. Dua kwa marehemu ni jambo jema. Lakini yeye tungemwacha palepale kwenye pantoni.

Si kuna vitabu vya tafsiri za ndoto? Kwa nini msivifuate?

Wengi wetu tumekulia na tafsiri za nyumbani. Ukiota meno yanang'oka, kuna msiba. Ukiota harusi na vigelele, msiba pia. Ukiota umekufa, umri mrefu. Kinyesi ni fedha, samaki ni mimba, nyoka ni adui. Sizidharau. Zimebeba hofu na matumaini ya watu waliotutangulia, na mara nyingine picha hizo hutujia ndotoni kwa sababu tulizisikia tukiwa watoto.

Tatizo ni kuzipachika kwa kila mtu. Muhammad Ibn Sirin wa Basra, aliyefariki mwaka 110 Hijria, ndiye jina linalotajwa kuliko yote katika elimu hii, na vitabu vingi vinavyouzwa nje ya misikiti vina jina lake ingawa vilikusanywa na wengine baada yake. Inasimuliwa kwamba watu wawili walimwendea kwa nyakati mbalimbali na ndoto moja: kila mmoja ameota anaadhini. Mmoja akamwambia utakwenda Hija. Wa pili akamwambia utakatwa mkono kwa wizi. Wanafunzi walipostaajabu, akaeleza kwamba wa kwanza alimwona na alama za wema, akaikumbuka aya ya kuwatangazia watu Hija. Hali ya wa pili haikumpendeza, akaikumbuka aya ya Sura Yusuf ambamo mpiga mbiu anawaambia wenye msafara kuwa wao ni wezi. Bingwa mwenyewe, kwa hiyo, alimtazama mtu kabla ya kuitazama ndoto. Kitabu hakiwezi kukutazama.

Meno ya mtu aliyelala na jino linalomuuma si sawa na meno ya mtu anayemuuguza mama yake. Lazima uulize.

Je, dini inaruhusu?

Kila mmoja amwulize anayemwamini katika dini yake. Tunaloweza kusema ni kwamba vitabu vyetu vimejaa ndoto. Yusuf alifasiri ndoto za wafungwa wawili na ya mfalme wa Misri, ng'ombe saba wanono na saba waliokonda. Danieli naye alikuwa mbele ya Nebukadneza. Waislamu wana hadithi mashuhuri inayozigawa ndoto mafungu matatu: bishara njema kutoka kwa Mwenyezi Mungu, huzuni inayotiwa na shetani, na yale ambayo nafsi ya mtu inajisemea yenyewe. Sisi tunashughulika zaidi na fungu la tatu. Hatudai kujua la kesho.

Kuna adabu pia ya nani aambiwe. Yakub alimkataza Yusuf kuwasimulia ndugu zake ndoto yake, na tunajua kilichotokea. Katika mafundisho ya Mtume (S.A.W.), ndoto njema huambiwa umpendaye, na mbaya haisimuliwi: unajikinga kwa Mungu, unatema mate kidogo kushoto mara tatu, unageuka ubavu wa pili. Wenzetu wanaolifuata hili hawasimulii ndoto zao mbaya, na hakuna anayewalazimisha. Wanakaa, wanasikiliza, na huwa wasikilizaji wazuri sana.

Mimi siotagi kabisa. Nina kasoro?

Huna. Karibu kila mtu anaota kila usiku. Unachokosa ni kukumbuka.

Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman walichapisha habari ya usingizi ambamo macho yanachezacheza kwa kasi chini ya kope huku mwili umetulia. Aserinsky alianza kwa kumpima mwanawe mdogo, Armond. Watu wakiamshwa katika kipindi hicho, mara nyingi sana wanasimulia ndoto, tena ndefu zenye visa. Usingizi huu huja kwa mizunguko ya kama dakika 90. Mwanzo wa usiku ni mfupi, dakika chache tu. Kadiri alfajiri inavyokaribia unarefuka. Kwa mtu mzima hufika karibu robo ya usingizi wote, na kwa mtoto mchanga karibu nusu.

Ndiyo maana anayelala saa nane usiku na kuamshwa na kengele saa kumi na moja alfajiri anasema haoti: amekatiwa usiku wake pale ambapo ndoto ni nyingi. Na ndiyo maana, naamini, watu wengi hutuambia wanakumbuka ndoto zaidi Ramadhani. Kuamkia daku kunawakuta katikati ya saa hizo.

Ukitaka kukumbuka, lala mapema kidogo. Ukifungua macho usiinuke na usiguse simu. Tulia katika ubavu uleule ulioamkia na ujiulize ulikuwa wapi sasa hivi. Picha moja ikija, iandike hata kama ni neno moja tu: "mbuyu", "viatu vya baba". Mara nyingi nyingine huifuata.

Naamka usiku nikiwa nimekabwa, siwezi kusogeza hata kidole, na naona mtu chumbani. Ni nini?

Hilo ni jinamizi. Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo nitalieleza kwa urefu.

Ukiwa katika usingizi wa ndoto, ubongo unailegeza misuli yote isipokuwa michache kama ya macho na ya kupumulia. Bila hivyo ungeinuka na kuitenda ndoto yako, umpige ngumi uliyelala naye. Wakati mwingine akili inaamka kabla ulegevu huo haujaondoka. Macho yako wazi, paa unaliona, neti unaiona, lakini mwili bado umefungwa. Kwa kuwa huwezi kuvuta pumzi ndefu kwa kutaka, unahisi kifua kimekaliwa. Na kwa kuwa ndoto haijamalizika, inaendelea mbele ya macho yaliyo wazi: kivuli mlangoni, mzee kitandani, hatua za miguu. Hali hii hudumu sekunde au dakika chache kisha huisha yenyewe. Inatisha mno, lakini yenyewe haiui.

Humjia zaidi mtu aliyelala chali, aliyechoka, aliyekosa usingizi siku kadhaa, au anayefanya kazi za zamu. Ikikushika, usipigane na mwili mzima. Jaribu kitu kidogo: kidole gumba cha mguu, ulimi, kupepesa macho. Mwenye dua au sala aisome moyoni, nayo humtuliza kweli. Ukishaachiwa, keti, kunywa maji, lala ubavu.

Watu wa Zanzibar wanakumbuka mwaka 1995, hofu ya Popobawa, kiumbe kilichosemwa kuwavamia watu usiku, ilipoanzia Pemba ikavuka Unguja hadi pwani ya bara. Watu walisimulia kukabwa usiku vitandani mwao, kunyamazishwa, kudhalilishwa, na familia nzima zilihamisha mikeka nje zikalala kwa makundi wakikoka moto. Baadhi ya waliochunguza wanaona jinamizi lilikuwa sehemu kubwa ya visa vile. Sitaki kumwambia aliyeyapitia kwamba hakuona kitu, alichohisi alikihisi. Lakini tazama mambo mawili. Watu walipolala pamoja, wengine macho, waliona afueni. Na hofu ilipopanda mno, mtu mmoja mgonjwa wa akili aliuawa na umati mjini Unguja akidhaniwa kuwa ndiye. Hapo ndipo swali linalofuata linapoingia.

Nimemwona jirani yangu ndotoni akinikaba. Je, ndiye anayeniroga?

Hapana, na tafadhali usilitamke jina lake kwa mtu.

Kwa hili hatuna mzaha. Ndoto huokota nyuso tulizonazo karibu: jirani, shangazi, wifi, mama mkwe, bosi. Uso ulioonekana unaweza kuwa wa mtu mliyekoseana naye, au mtu uliyempita tu dukani jioni. Ubongo uliojaa hofu unahitaji sura ya kuivika hofu hiyo, na unaivika ya yeyote. Katika nchi hii wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, hasa huko Usukumani, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Tuhuma kama hizo huanza kwa maneno madogo: mtoto kaumwa, fulani kaota, mganga kathibitisha.

Kwa hiyo katika baraza letu ipo sharti moja isiyojadiliwa. Mtu halisi anayetajwa katika ndoto hahukumiwi. Ukimwota jirani, tunamwita "mtu mwenye uso wa jirani" mpaka mwisho wa mazungumzo. Unaweza kutuambia kwamba mna ugomvi wa mpaka wa kiwanja, na tutazungumza ugomvi huo, maana huo ni wa mchana na una dawa: mwenyekiti wa mtaa yupo, wazee wapo. Lakini ndoto haitoi ushahidi dhidi ya mtu. Waliokataa sharti hii tumewaomba, kwa upole, wasirudi.

Nimeota nalishwa chakula. Nimeambiwa nimelishwa uchawi.

Kuota unakula ni miongoni mwa ndoto za kawaida kabisa, hasa ukiwa na njaa, ukiwa umefunga, au ukiwa mjamzito. Kama imekukosesha amani, omba kwa imani yako. Anayekudai fedha nyingi ili "akutapishe", muogope yeye zaidi ya ile ndoto. Mitishamba ya kutapisha na kuharisha huwapeleka watu hospitali.

Na mume wa ndotoni, au jini mahaba?

Wanatuuliza kwa sauti ya chini, wanawake kwa wanaume, na wengi wamebeba aibu isiyo yao. Mwili kusisimka usingizini ni maumbile. Hutokea kwa vijana na kwa wazee, walio na wenza na wasio nao, na haimaanishi umezini wala umeolewa na kiumbe. Imani juu ya majini ni ya kila mtu na dini yake, na anayetaka kwenda kwa sheikh au mchungaji anayemheshimu aende. Ila kama ndoto hizo ni za kulazimishwa, zina maumivu na hofu, na hasa kama zinafanana na jambo ulilowahi kutendewa ukiwa macho, hilo ni jeraha. Linahitaji mtu mwenye ujuzi wa kulisikiliza, na kikundi cha marafiki hakitoshi. Muuguzi wetu huzungumza na mtu kama huyo faragha na kumsindikiza hospitali.

Ndoto moja mbaya inanirudia. Nifanyeje?

Ipo njia iliyojaribiwa na madaktari ambayo inafanyika mchana, ukiwa macho. Andika ndoto kwa ufupi. Kisha ibadilishe, kokote unakotaka: mbwa wanaokukimbiza wanasimama na kulala chini, mlango uliokuwa umefungwa unafunguka, mtu unayemwamini anatokea barabarani. Kisha rudia kuiwaza ile mpya, dakika kumi hadi ishirini kila siku, mpaka uijue. Wengi hupungukiwa na ndoto mbaya ndani ya wiki chache. Badiliko si lazima liwe kubwa. Kijana mmoja wa kwetu, dereva wa bodaboda aliyekuwa akiota ajali yake kila mara, alibadilisha kitu kimoja tu: taa ya lori ikawa ya njano badala ya nyeupe. Kuanzia hapo, alisema, akawa anaiona mapema.

Anayeota vita, ajali au ukatili aliopitia, na ndoto zikawa zinamfanya aogope kulala, asikae nazo peke yake. Amwone daktari.

Dawa zinaweza kuleta ndoto?

Sana, na ni jambo ambalo watu hawaambiwi vya kutosha. Efavirenz, iliyokuwamo kwa miaka mingi katika ARV za kuanzia hapa Tanzania na Kenya, ilijulikana kwa ndoto kali zenye rangi, mpaka wengine wakadhani wamerogwa. Ndiyo sababu mojawapo watu walishauriwa kuimeza wakati wa kulala. Tangu kama mwaka 2019 wengi wamehamishiwa dolutegravir. Hii nayo huwakosesha baadhi ya watu usingizi, na mara nyingi wahudumu hushauri inywewe asubuhi. Mefloquine ya kuzuia malaria ina sifa hiyohiyo ya ndoto mbaya. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, kama propranolol, pia.

Usikatishe dozi kwa sababu ya ndoto. Nenda kliniki ueleze ndoto zilianza lini na dawa unaimeza saa ngapi. Mhudumu anaweza kubadilisha saa au dawa yenyewe.

Nimeota namba. Nibeti?

Usibeti. Hela hiyo nunua mchele.

Kuota marehemu kuna maana gani?

Kwa aliyefiwa karibuni, marehemu huja mara nyingi, na kila mmoja huja kivyake. Wengine wanamwona mgonjwa kama siku za mwisho, kisha miezi inapopita wanamwona mzima, kavaa vizuri, anacheka. Wengine hawamwoti kabisa, na hilo huwaumiza, wanahisi wamesahauliwa. Kwao hatuna jibu ila kukaa nao.

Hatusemi kwamba marehemu alikuja kweli, wala hatusemi kwamba hakuja. Tunauliza alivaa nini, alisema nini, na wewe ulitaka kumwambia nini ukaamka kabla hujamwambia. Mara nyingi hapo ndipo mtu anapoongea. Baada ya hapo anayetaka kutoa sadaka au kuomba misa anafanya hivyo, na wengine tunachangia.

Naamka saa tisa usiku na silali tena. Ni ugonjwa?

Kuamka katikati ya usiku kwa kifupi ni kawaida, na inaongezeka umri unaposogea. Wahadzabe, karibu na Ziwa Eyasi, walipopimwa usingizi kwa siku 20, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, watu wazima 33 waliopimwa walikuwa wamelala wote kwa pamoja kwa dakika 18 tu. Saa nyingine zote za usiku alikuwapo aliye macho au anayesinziasinzia, na wazee na vijana walitofautiana saa. Watafiti waliona kwamba huenda hiyo ni kinga ya kale: kambi haikosi mlinzi. Bibi yako anayetembea ukumbini usiku wa manane hana kasoro.

Kinachotusumbua zaidi ni kulichukia lile tukio la kuamka. Unatazama saa, unahesabu saa zilizobaki, moyo unaenda mbio. Geuza saa ukutani. Ukiona usingizi hauji, toka kitandani ukakae mahali penye mwanga hafifu, usali au usome, urudi ukisinzia. Kahawa ya jioni ipunguze. Baada ya saa tano hivi nusu yake bado iko mwilini. Usingizi wa adhuhuri uwe mfupi. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi kwa usiku, na asiyezipata wiki baada ya wiki, au aliye na huzuni isiyoondoka, amwone daktari.

Na mkoromo: kama mwenzi wako anakoroma kwa nguvu, kisha anakatika pumzi, kisha anashtuka akihema, na mchana anasinzia hata kwenye daladala, usicheke. Mpeleke hospitali.

Zamani si wazee ndio walioagua ndoto? Ninyi mmepata wapi ruhusa?

Swali zuri na linauma kidogo. Mwaka 1925 Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, alipiga kambi kwenye Mlima Elgon, akawauliza wenyeji kuhusu ndoto zao. Mzee wao wa kuagua alimjibu, machozi yakimlenga, kwamba zamani wazee kama yeye waliota na wakajua kama kuna vita, maradhi au mvua, na mifugo ipelekwe wapi. Tangu wazungu waje, alisema, hawaoti tena, kwa kuwa Waingereza ndio wanaojua kila kitu sasa. Huwa nalifikiria sana jibu lile. Walichonyang'anywa kilikuwa haki ya kusikilizwa asubuhi na watu wao, kwa uzito, kana kwamba walichokiona kina faida kwa wote.

Sisi hatujidai kuwa wazee wale. Lakini asubuhi zetu nyingi zinaanza kwa simu, na mtu anaweza kuishi mwaka mzima bila kuulizwa "umeamkaje?" na anayesubiri jibu. Kwa hilo hatuoni kama tunahitaji ruhusa.

Tunataka kuanzisha baraza letu. Tuanzie wapi?

Watu wanne hadi wanane wanatosha. Ndoto moja kwa kikao, mbili zikizidi, maana ndoto moja ikisikilizwa sawasawa inachukua saa nzima. Simulizi ibaki pale pale: haipelekwi kwa mume, kwa mke, wala kwa kasisi. Mkimchanganya mtu na mkwewe katika kikao kimoja, mmoja hatasema kitu.

Msifanyie kwenye WhatsApp. Tumeliona hili kwa wengine: mtu anatuma ndoto saa kumi na mbili asubuhi, wa kwanza anajibu kwa emoji ya kicheko, wa pili anabandika tafsiri aliyoiokota mahali, wa tatu anaituma kwenye kundi la ukoo. Tumieni simu kupanga siku na nani analeta vitafunwa. Ndoto yenyewe isimuliwe uso kwa uso, mwenye nayo akiwaona wanaomsikiliza.

Watoto chini ya miaka kumi na minane hatuwaleti. Mtoto akikusimulia ndoto yake nyumbani, kaa chini usawa wake, mwulize ilikuwaje, mwambie aichore kama anapenda, na usimtishe kwa tafsiri yoyote. Akiwa ameota simba, mwulize simba alikuwa anatafuta nini.